Kapu la Kwenda Kutazama Ndege

Nikisikia harufu ya iliki ikichemka na sukari, narudi jikoni kwetu Mlingotini, asubuhi ile mama alipokuwa akifunga kapu la kwenda Dar kutazama maonyesho ya ndege. Nilikuwa na miaka tisa, na jamani, kapu lile! Maji ya kunywa, sawa, jua la uwanjani si mchezo. Kanga ya kukalia, mkate wa kumimina, mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye kikaratasi, sawa vilevile. Lakini bakuli zima la visheti, na chini kabisa shati jipya la kiume? Tulikuwa tunakwenda wawili tu.

"Mama, shati la nani hili?"

"Wewe beba. Maswali yaache nyumbani."

Baba alikuwa barazani, hakuagana nasi. Tangu alipogombana na kaka yangu Sudi akamkataza kukanyaga pale, jina la Sudi halikutajwa mbele yake. Mwaka wa pili huo, na simu ya Sudi haipatikani. Yote hayo niliyajua, ila sikuyahusisha na kapu.

Uwanjani ndege zilipita kwa mngurumo ulionitetemesha mpaka kifuani. Watu wote vichwa juu. Mama peke yake alitazama nyuso. Akipita kijana aliyevaa ovaroli, mama huyo, keshanyanyuka. Kisha anakaa tena polepole, anajitengeneza mtandio.

"Mama, tazama juu! Huko chini kuna nini?" Wallahi alinikera.

Adhuhuri alikwenda kuswali, akaniacha na kapu. Sasa kwetu huli mbele ya watu bila kuwakaribisha, hilo nilifunzwa kabla ya kujua kusoma. Nikafungua bakuli, nikawageukia waliokaa karibu: "Karibuni, msione haya." Wakachukua, watoto wao wakarudia mara ya pili na ya tatu. Mama aliporudi, bakuli lilikuwa na chembe za sukari tu. Nami nangoja sifa.

Aliliangalia kwa muda. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, nikadhani ni vumbi.

Baba alipofariki, nikiwa mtu mzima, ndipo mama aliponieleza. Mtu mmoja wa Chalinze alimwambia amemwona Sudi Dar, anafanya kazi kwenye ndege. Visheti vile vilikuwa vyake, tangu utoto hakuwa na anachokipenda zaidi. Niliumia, jamani, niliumia sana. Mama hakuona hata ndege moja siku ile, nami nilimkemea. Na Sudi hatujamwona mpaka leo.

Nilimwomba radhi.

"Radhi ya nini?" alisema. "Uliwakaribisha watoto wa watu. Nikaomba tu, huko aliko, naye mtoto wa mtu amwambie karibu."