Mtego wa Chiswa Kando ya Mfereji

Senje aliponiuliza kazi yangu iko wapi, nilimwambia tu kwamba iko mbele, baada ya daraja la mawe, kisha nikageuza uso nisije nikajisaliti. Yeye ni dada ya baba. Aliondoka kwetu Khayega nikiwa bado mtoto wa kubebwa, na mji wa mifereji huko ng'ambo ndio uliomzeesha. Mimi nilikuwa nimetoka Kakamega kwa mwaliko wa tamasha la taa ambalo hufanyika huko majira ya baridi. Kazi ya taa nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua redio mbovu na kutazama video simuni. Hadi leo, kila ninapowasha kitu mbele ya watu, nakagua kila waya mara tatu.

Boti tuliyopanda kutazama taa ilikuwa na paa la kioo. Nahodha alizima taa za ndani, tukaingia gizani polepole. Sijui nieleze vipi. Nyuzi za mwanga zilining'inia kutoka ghorofani hadi majini, na tulipopita katikati yake nyuso zetu zote ziligeuka buluu. Mbele, ndege wa taa, mkubwa kuliko kanisa letu, alikunjua mabawa juu ya maji, na mwingine, ndani ya maji, akakunjua pamoja naye. Abiria waliinua simu. Mimi nilishika mdomo. Nilifurahi mpaka nikaogopa: baada ya haya, nani atatazama fito na mablanketi yangu?

Kwa maana ndicho nilichojenga: mtego wa chiswa, yaani kumbikumbi, kama tunavyoutega nyumbani mvua zinapoanza. Unafunika kichuguu kwa fito na mablanketi, unaacha mdomo mmoja, unaweka taa hapo na kuchimba shimo chini yake. Wao hufuata mwanga na kutumbukia. Badala ya shimo niliweka beseni jeusi. Waandaaji walisimamisha kibao cha maelezo, lakini kilitazama barabarani. Kutoka majini hakisomeki. Senje sikumwambia neno. Nilitaka autambue mwenyewe. Kama yeye, aliyelelewa kwa ugali wetu wa obusuma na chiswa, angeupita bila kuujua, basi nilikuwa nimevusha bahari rundo la matambara.

Tulitokea upande wa pili wa daraja.

"Na hiyo nayo?" akasema. "Hema? Kuna mtu analala hapo na baridi hii?"

"Sijui, senje."

Kamba ya kulia imelegea, nilijiambia. Taa ni kali mno. Fito ni nyingi mno. Ungebaki nyumbani.

Kisha theluji ikaanza. Sikuwa nimewahi kuiona. Ilitoka gizani bila sauti, na ilipokaribia mdomo wa mtego ikashika mwanga: mabawa madogo yasiyohesabika, yakizunguka, yakisukumana, yakishuka yote pale pale kwenye taa. Hakuna fundi ambaye angeweza kupanga vile.

Senje alisimama, akabandika kiganja kwenye kioo. Halafu vidole vyake vikaanza kugonga, ta-ta, ta-ta-ta, ule mdundo wa haraka ambao kwetu hupigwa kwa vijiti juu ya kichuguu, ili chiswa wadhani mvua imenyesha na watoke. Watu wa kiti cha mbele waligeuka kumtazama. Hakuwajali.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Ni wewe umetega huu?"

"Ni mimi."

"Sasa nani alikufundisha kuweka shimo mbali hivyo na taa? Si watakutoroka wote!"

Mtu akinionyesha kosa, kwa kawaida silali. Safari hii nilicheka kwa sauti, machozi yakanitoka.

"Ningeweka wapi, senje?"

Akachora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo: taa hapa, shimo hapa, hapana, karibu zaidi, hapa. Boti ilikata kona, mtego ukapotea nyuma yetu, naye bado alikuwa akichora.