Njia Niliyoianza kwenye Ufuta

Dalali aliniambia kila kitu kipo hapo tu. Sokoni hapo tu, msikitini hapo tu, stendi hapo tu. Nilikuwa nimetoka Nachingwea kuja kuanza kazi Ruangwa, na kati ya vyumba vyote alivyonionyesha nilikipenda kimoja: kina choo ndani, kina marumaru, dirisha lina wavu. Sikuwahi kuwa na chumba chenye ufunguo wangu mwenyewe. Nikapanga godoro, ndoo mbili na jiko la gesi, nikaona nimeshahamia, nikatoka na simu kwenda kuipima hiyo "hapo tu" ya dalali.

Kwa mama wa maandazi, dakika mbili. Msikitini nne. Sokoni kumi na tano, sawa. Lakini kazini, kwenye duka la stesheneri ninakochapa barua na kutoa kopi, dakika ishirini na mbili, kwa sababu barabara inazunguka. Inaenda mpaka kwenye transfoma, inakata kulia, halafu inarudi tena huku huku. Paa la duka unaliona ukiwa mlangoni kwako, kisha unaligeuzia mgongo unaanza kwenda mbali nalo. Mimi sina subira. Mama yangu anasema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono.

Kati ya nyumba yetu na lile paa kulikuwa na kiwanja ambacho hakijajengwa. Siku ya tatu nikakatiza. Dakika tisa.

Hapa nataka niseme kweli, maana baadaye nilijidanganya sana. Sikudhani ni majani. Nimekulia Mnero, nyumbani tunalima ufuta kila mwaka. Nilipoinama nikaona vile vijani vimetoka viwili viwili, vidogo kama kucha ya mtoto, nilijua ni ufuta na nilijua ndiyo kwanza umeota. Mama alikuwa anatuchapa tukiukanyaga ukiwa hivyo. Nikajiambia, mtu mmoja, mwembamba, anayekanyaga kwa vidole, ataharibu nini? Nikapita. Jioni nikarudi palepale. Kesho yake pia.

Baada ya kama wiki mbili mstari ukaonekana. Wakafuata wanafunzi, akafuata nesi mmoja na mwavuli wake, wakaja wamama wa sokoni na mabeseni kichwani. Wakawa wanapishana, njia ikapanuka. Mwisho zikapita pikipiki. Njia ikishaonekana hakuna anayeuliza imeanzaje.

Asubuhi moja nikakuta miiba. Huku kwetu mtu akilaza tawi la miiba njiani hahitaji kuweka kibao, ameshakwambia pita kwingine. Nilikuwa nimechelewa, na jana yake bosi wangu, mama aliyehamia kutoka Mbeya, alikuwa ameniuliza kama saa yangu inaendeshwa kwa kuni. Nikaivuta miiba pembeni kwa mguu, nikapita. Ikawekwa tena. Nikaitoa tena.

Jumamosi, aliyekuwa anaiweka akaja kibarazani kwangu. Mama wa makamo, kanga mbili, jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mpangaji mpya? Mtoto wa wapi?"

"Mnero, mama. Nachingwea."

"Aa, basi mkulima mwenzangu! Hawa wapangaji wengine ukiwaonyesha ufuta wanakuuliza unapikwa na nazi?"

Tukacheka. Akaomba awe analiacha jembe kibarazani kwangu, maana anaishi nje ya mji, barabara ya kwenda Matambarale, na anakuja kwa miguu. Akanieleza kwamba kiwanja kile kapewa alime msimu huu tu, mwenye kiwanja anajenga mwakani. Ufuta huo ndio wa mabati. Nyumba yake ni ya nyasi, na mvua zikianza inavuja mpaka kitandani.

"Sasa kuna shetani ananitolea miiba," akasema. "Wewe upo hapa mlangoni, unaona. Niangalizie, mwanangu. Ukimjua niambie tu. Simpigi. Nitamtukana mpaka viatu vimbane."

"Sawa mama," nikasema.

Hilo ndilo jibu nililompa. Sawa mama.

Jumatatu nikaanza kuzunguka na barabara. Nilidhani nikiacha mimi, njia nayo itaacha. Lakini ilikuwa imeshapata watu wake, haikuwa na shida na mimi tena. Ufuta ukafika magotini, ukatoa maua, na katikati pale peupe, kama mtu aliyechanwa na kinyozi mlevi.

Ndipo yule mama akamvaa jirani yangu wa chumba cha pili, kijana wa bodaboda. Ilikuwa asubuhi, watu wanapita, mimi nipo kibarazani napiga mswaki.

"Wewe wa pikipiki! Nani kakutuma unilimie barabara?"

"Mama, njia mimi nimeikuta."

"Umeikuta! Kwani imejizaa?"

"Haki ya Mungu nimeikuta. Na miiba yako sijawahi kuigusa, ningepata pancha." Watu wakacheka. Yeye akanigeukia. "Dogo, si wewe unatoka kabla yangu? Mwambie mama. Si tumeikuta hii njia?"

Nikatema povu.

"Mimi mgeni," nikasema. "Sijui."

"Mwache mwanangu," mama akamwambia. "Yeye wala hapiti hapo. Namwona anavyozunguka."

Toka siku hiyo jirani akimwamkia, mama anaangalia pembeni. Mimi ananiletea mahindi ya kuchoma yamefungwa kwenye jani, bado ya moto. Nilikuwa nayala huku nimefunga mlango.

Ulipofika wakati wa kuvuna nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kumsaidia. Tulikata, tukafunga miganda, tukaisimamisha ikiegemeana ikauke. Upande huu miganda, upande ule miganda, katikati pamekaa wazi. Mama akasimama na mundu wake akaitazama ile njia.

"Mabati yatafika nusu," akasema. "Basi, nitaanza upande wa kitanda."

Nikashindwa.

"Mama, siyo yule wa pikipiki. Njia niliianza mimi. Ufuta ukiwa ndiyo umeota."

Aliinamia mganda uliolegea, akaufunga upya mpaka ukakaza.

"Na miiba?"

"Mimi."

"Ulijua ni ufuta?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini, nadhani.

"Nilijua."

Akasema kitu kwa Kimwera. Nilielewa nusu, na nusu nyingine sikutaka kuielewa. Halafu akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Nimemnyima yule kijana salamu tangu mvua zile." Akafuta mundu kwa kanga. "Nenda kamwambie. Ya kwangu nitamwambia mwenyewe."

Jirani alikuwa anaosha pikipiki, redio iko juu ya siti. Aliizima nikaongea mpaka mwisho.

"Siku ile nilikuuliza mbele za watu, dogo."

"Ndiyo, kaka."

"Ukasema wewe mgeni."

"Ndiyo."

Akaiwasha redio, akaendelea kusugua rimu.

Niliporudi kibarazani jembe halikuwepo. Nikatazama barabarani, mama ameshafika kwenye transfoma, jembe begani, anazunguka. Pale katikati palikuwa wazi kabisa mbele yake, ufuta umeshakatwa, hakuna cha kukanyaga tena, na bado alizunguka.

Nikamkimbilia nimpokee.

"Acha," akasema. "Sio zito."

Hakunifukuza. Nikatembea nyuma yake kidogo, mikono mitupu, tukazipita nyumba za mwisho, tukaipita mikorosho, na bado hatujafika. Ni mbali. Simu ilikuwa mfukoni, ila sikuitoa nipime.