Kompyuta ya Mama Nyuzi

Kaka yangu ni fundi wa kompyuta, na mtaa mzima unamwita Daktari. Jina hilo limempanda kichwani kidogo. Tunagawana chumba kimoja: mimi na mashine yangu ya fotokopi karibu na mlango, yeye ndani kabisa, amezungukwa na maiti za kompyuta ambazo haruhusu mtu azitupe. "Ya kale ni dhahabu," husema. Mimi humjibu kwamba dhahabu haifutwi vumbi kila asubuhi.

Jumatatu alikuja Mama Nyuzi, amekumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa. Yeye hudarizi majina na nembo kwenye sare. Mashine yake ya kudarizi hupokea michoro kutoka kwenye kompyuta hiyo, tena kwa waya mnene ambao kompyuta za siku hizi hazina tundu lake. Sasa ilikuwa imegoma kuwaka sawasawa, na fundi mwingine alimwambia aitupe.

"Nikiitupa hii, mwanangu, mashine nayo imekufa. Nitashika kazi gani tena umri huu?"

"Usijali, mama. Natoa michoro yako kwanza, kisha naiwekea mfumo mpya. Njoo kesho."

Kesho ikazaa keshokutwa. Michoro aliitoa salama, kwa hilo namsifu. Lakini mfumo ulimtoa jasho. Kila mara ulifika nusu, kompyuta ikadai mafaili si halali, ikakataa katakata. Akabadilisha flashi. Akabadilisha diski. Akachomoa memori, akazisugua kwa kifutio cha penseli, akazirudisha. Kufika Alhamisi alikuwa anaisemesha kwa maneno ambayo mama yetu angemkanya.

Siku hiyo Mama Nyuzi alikuja, akaketi kwenye kigoda kando yake. Mama huyu alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na nane, kwenye darasa la watu wazima, na tangu hapo hakimpiti kitu asikisome. Hata bei zangu za ukutani huzisoma zote kila akija, kwa sauti.

Kaka akawasha. Likatokea onyo; akabonyeza kitufe, likapotea.

"Ngoja, mwanangu. Hapo palikuwa na maandishi."

"Kompyuta kuukuu zote huja nayo, mama. Unabonyeza tu, unapita."

"Nimeona tarakimu. Rudisha nimalizie."

Kaka akaguna, akaizima, akaiwasha tena. Mama Nyuzi akasogeza kidole kwenye kioo polepole. "Mbili, sufuri, sufuri, mbili. Elfu mbili na mbili! Mwaka huo mjukuu wangu hajazaliwa, na sasa ana ndevu."

Kaka akainama kuiangalia tarehe ile. Betri ya saa, ile ndogo kama kifungo cha koti, ilikuwa imekwisha. Kila ikiwashwa, kompyuta ilirudi miaka ya nyuma, na mafaili ya mwezi uliopita ikayaona hayajazaliwa. Siku nne alikuwa akilipita onyo lile. Aliona haya, akawa anafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Nilikuwa na methali tatu mdomoni, nikazimeza zote.

Akaweka betri mpya, akarekebisha tarehe. Safari hii mfumo uliingia wote. Mama Nyuzi akalia kidogo, akacheka, akainuka aichukue.

"Bado, mama." Ujumbe mwingine ulikuwa umejitokeza, na kidole cha kaka kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akakiondoa, akamgeuzia kioo. "Nisomee kwanza."

Mama Nyuzi akavuta kigoda, akaanza na herufi ya kwanza.