Usimsingizie Mungu

Nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yanayochemshwa na karafuu, mgongo wangu huuma kabla sijajua ni kwa nini. Ndiyo mafuta niliyokuwa nikimpaka baba asubuhi na jioni, masika ya mwaka niliokuwa darasa la sita, katika chumba chenye dirisha moja nyumbani kwetu Msambweni. Kuta za chumba kile zilikuwa za mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, na mvua ilipozidi kunyesha chokaa ikatoka jasho, ikabanduka, ikaniachia weupe mabegani kila nilipojiegemeza. Juu yetu makuti yalinuka uvundo. Ng'ambo ya minazi ilikuwa shule yangu, karibu mno, hata kengele ilipogongwa nilidhani inagongwa uani kwetu. Niliwasikia wenzangu wakiimba kuzidisha kwa pamoja, na midomo yangu ikawafuata bila sauti, huku mikono ikiendelea kuusugua mguu wa baba, mguu usiojua kwamba unasuguliwa.

Baba alikuwa mwalimu katika shule hiyo hiyo. Sisi ni Waduruma. Wazazi wangu walitoka upande wa Kinango, kwenye ukame na mbuzi, wakateremka pwani kwa ajili ya kazi yake, tukawa mojawapo ya nyumba chache za Wakatoliki pale mtaani. Alikuwa na sauti kubwa iliyofika mpaka barabarani. Kiharusi kilimkuta akiwa ubaoni, chaki mkononi, katikati ya sentensi. Alilazwa hospitalini, kisha akarudishwa nyumbani akiwa amepooza upande wote wa kulia, na ile sauti kubwa imesalia mkoromo usioeleweka. Mama alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja Diani. Aliondoka alfajiri na kurudi magharibi, na pasipo kibarua chake tusingekula. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. "Umazi mwanangu," aliniambia, akikwepa macho yangu, "kaa na baba yako kwa muda, mpaka apate nafuu." Lisilo budi hubidi. Nilivua sare, nikaikunja, nikaiweka juu ya sanduku, nami nikadhani nitaivaa tena baada ya siku chache.

Siku hazikuwa chache, na zote zilifanana. Nilimnywesha uji kwa kijiko, nusu ukaingia na nusu ukateremka kidevuni. Nilimgeuza upande huu, baadaye upande ule, kwa kuupenyeza mkono chini ya mgongo wake na kusukuma kwa bega kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Nilifua, nikaanika ndani kwa sababu ya mvua, nikaishi katikati ya nguo mbichi. Kutoka kwa jirani iliniingia harufu ya korosho zinazokaangwa, na alasiri sauti za watoto wa chuoni wakisoma Kurani, na adhana, na vicheko vya wasichana wakirudi kutoka shule. Kila sauti iliniambia kwamba dunia inakwenda. Siwezi kusema nilimchukia baba. Nilichukia mlango. Ulikuwa wazi mchana kutwa, wala hakuna aliyenizuia kutoka, na bado sikuweza kuuvuka kwa zaidi ya kwenda kisimani. Naye baba alikuwa amefungwa ndani zaidi yangu, ndani ya ngozi yake mwenyewe. Mara nyingi nilimkuta ananitazama kwa lile jicho zima, na nilijua kwamba anajua.

Wageni walikuja, kwa maana watu wa pwani hawamwachi mgonjwa. Walipiga hodi, wakavua viatu, nami nikawaamkia shikamoo na kuwaletea chai. Karibu kila mmoja alikuwa na maelezo. Mmoja alisema baba alipita mahali penye jini. Mwingine alinong'ona kwamba kuna mwalimu mwenzake aliyemwonea kijicho. Mhubiri mmoja mgeni, mwenye Biblia chini ya kwapa, alimwinamia baba akasema kwa upole kabisa kwamba Mungu hampigi mtu bure, na kama kuna dhambi aliyoificha basi aitubu. Baba hakuweza kumjibu. Chozi lilimtoka kwenye jicho zima, mhubiri akaliona, akaridhika kwamba neno lake limeingia. Ni jirani yetu Bi Mwanamisi peke yake, mke wa mkwezi wa minazi, ambaye hakuwa na maelezo. Alisema, "Mola ampe afya," akachukua ndoo, akaenda kunitekea maji.

Lakini aliyenifunga kabisa alikuwa mtu aliyenipenda. Shangazi Mbeyu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mjane aliyeishi peke yake na mbuzi wake huko Kinango. Alikuwa na rozari iliyochakaa kwa vidole na roho isiyo na hila. Kila alipokuja alinikalisha karibu naye, akanishika kichwa, akasema, "Mungu amekuchagua. Kuna watoto wanaochaguliwa kusoma, na wewe umechaguliwa kumbeba baba yako. Usisikitike, wewe ni mtoto wa baraka." Watu waliokuwepo walitikisa vichwa kukubali. Nami, Mungu anajua, nilifurahi mara ya kwanza. Mara ya pili nilianza kujiona nimefungwa. Kama ni mama aliyeniweka pale, ningeweza kumlilia mama. Kama ni umaskini, ningengoja upite. Ila nikiwa nimewekwa na Mungu mwenyewe, nitakata rufaa kwa nani? Hakuna kufuli gumu kama lile linaloitwa baraka.

Maneno ya baba yalianza kurudi mvua ilipoanza kupungua, moja moja, kama watu wanaotoka mafichoni. Kwa mshangao wangu, jambo alilotaka sana kulizungumza lilikuwa habari za mwalimu wake. Katika ujana baba alisoma seminari ndogo huko bara, kabla hajaona kwamba upadri si wito wake, na huko alifundishwa na padri mmoja mzee aliyeitwa Damasi. Jina hilo nilikuwa nimelisikia, kwani baba alilitaja mezani alipokuwa mzima, na sikulijali. Sasa tulikuwa na mchana wote mbele yetu na hakuna pa kwenda. Alinisimulia kwa vipande, akipumzika kati ya neno na neno, nami nikijifunza kungoja.

Padri Damasi alikuwa mtu wa kufikiri, na fikra yake kubwa ilikuwa nyepesi kuielewa na ngumu kuishika. Mwaka mmoja ukame ulipoua mifugo ya vijiji vilivyoizunguka seminari, vijana waliambiana kwamba Mungu anawaadhibu watu wale. Padri aliwasikia. Aliwaita, akawauliza, "Nani kati yenu alimsikia akisema hivyo?" Akawakumbusha amri ya nane, inayomkataza mtu kusema uongo, akawaambia kwamba watu huogopa kumsingizia jirani kwa sababu jirani atakuja kudai haki yake. Mungu haji kudai, ndiyo maana anasingiziwa kuliko wote. Usimsingizie Mungu, alisema. Pale usipojua, sema hujui. Na ukiumia, uliza, maana mtu anayemuuliza Mungu kwa machozi amekwisha kuanza kusali. Wahenga wetu walikuwa wamekaribia hapo waliposema kuuliza si ujinga. Yule padri alisogea mbele kidogo, akasema kuuliza ni ibada.

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, mafuta mikononi. Nikauliza lile nililoogopa kuliuliza kwa muda wote ule.

"Basi baba, nani aliyekufanya hivi?"

Nusu ya uso wake ikacheka. "Mshipa," alisema.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi neno lile lilivyonipumzisha. Jini likatoka chumbani, na kijicho, na dhambi iliyofichwa. Tukabaki mimi na baba na mshipa uliopasuka. Lakini mlango ulikuwa pale pale, na kengele ilizidi kugongwa, na kujua kwamba Mungu hajanifunga hakukunifungua. Ilibidi mtu aseme.

Muhula mpya ulipokaribia, Shangazi Mbeyu alikuja Jumapili baada ya misa, akaomba tuzungumze kama jamaa. Mama alikuwa ameketi sakafuni, miguu imevimba kwa kusimama kazini. Bi Mwanamisi alikuwa ametuletea sahani ya mihogo ya nazi, akataka kuondoka, mama akamwomba akae. Shangazi alisema afadhali jambo lijulikane wazi: Umazi aache shule, kwani hakuna mwingine, na mwalimu mkuu aelezwe. "Mungu amemchagua huyu mtoto," alimaliza, "na sisi ni nani tumpinge?"

Mama alitazama mikono yake. Nilingoja anitetee, na sasa nikiwa na umri wake wa wakati ule naelewa kwamba hakuwa na njia nyingine. Ndipo kitanda kikalia. Baba alikuwa anajaribu kujiinua kwa mkono wa kushoto, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mungu," alisema. Tulingoja. "Hakusema."

"Kakangu, usijisumbue," Shangazi alimwambia.

"Hakusema, dada. Ni sisi. Sisi tunaogopa." Alipumua kwa muda mrefu. "Kesho. Shule."

Shangazi alianza kulia. Hakuwa na hasira, alikuwa anaogopa kweli kweli, kama alivyosema baba. "Na wewe nani atakugeuza? Utaoza hapo kitandani, na sisi tutaulizwa."

"Nitangoja," alisema baba.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu, na ni kweli kwa wengi. Bi Mwanamisi alirekebisha mtandio wake, akasema taratibu kwamba mume wake hushuka minazini adhuhuri, na kabla ya kwenda msikitini anaweza kupita akamgeuza mwalimu, na yeye mwenyewe ataleta uji. "Hatutaweza kama Umazi," alisema, "lakini tutaweza kidogo." Shangazi alifunga mtandio wake na kuondoka bila kula mihogo.

Nilirudi shule, na hiyo haikuwa sherehe. Mwili ulikuwa darasani, masikio yalibaki nyumbani. Kengele ile ile niliyoililia sasa ilinihesabia muda ambao baba amelala upande mmoja. Mkwezi alikuja kama mke wake alivyoahidi, ila kuna siku hakuweza, na baba akapata kidonda nyongani kilichochukua muda mrefu kupona. Nilikisafisha jioni, nikiuma meno. Niliwahi kumwambia nataka kuacha shule kwa hiari yangu. Alinishika mkono, akatikisa kichwa kukataa.

Kisha asubuhi moja, nilipokuwa nafunga viatu, Shangazi Mbeyu alisimama mlangoni na furushi la nguo kichwani. Mbuzi wake alikuwa amewaacha kwa jirani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nilingoja aseme ni Mungu aliyemtuma. Aliweka mzigo chini, akamtazama kaka yake, akasema, "Nimekuja." Akakunja mikono ya gauni lake, akauliza mafuta yako wapi. Alikaa nasi mpaka baba alipofariki, nilipokuwa namaliza darasa la nane. Baba hakuwahi kutembea tena. Mhubiri angesema hatukuamini vya kutosha.

Leo naishi Ukunda, nafundisha, na ninaongoza jumuiya ndogo ya mtaa wetu, ambako tunakutana nyumba kwa nyumba kusali. Huwasimulia fikra za Padri Damasi, na vijana huniuliza mzee aliyefariki kabla ya simu za mkononi ana lipi la kuwaambia wao. Nawajibu kwamba wakati wangu, uongo juu ya Mungu ulikuja kwa miguu, ukavua viatu, ukanywa chai; ulikuwa na uso, na mtu angeweza kuujibu. Siku hizi hulala nasi chini ya mto, ndani ya simu. Huingia kwa sauti za watu tusiowajua, wakiwaambia wasio na kazi kwamba wamelaaniwa, na wake wanaopigwa kwamba ndio msalaba wao, na kila mmoja huusikiliza peke yake, gizani, bila Bi Mwanamisi wa kuketi karibu. Kama fikra za Padri Damasi zilihitajika wakati ule, sasa zinahitajika zaidi.

Mwezi uliopita mama mmoja kijana wa jumuiya yetu, Neema, alibaki baada ya wengine kuondoka. Mtoto wake ana kifafa. Mhubiri wa kwenye simu alimwambia kwamba kumpa dawa ni kumtilia Mungu shaka, naye akaacha, akamfungia mtoto ndani majirani wasimwone akianguka. Nilimsimulia habari za baba, kama nilivyozisimulia hapa. Alinisikiliza akikunja na kukunjua pembe ya leso yake.

"Mwalimu, na Mungu akikasirika?"

"Nani kakwambia kwamba atakasirika?"

Alifikiri. "Yule wa kwenye simu."

Asubuhi iliyofuata tulipanda tuktuk pamoja mpaka kliniki, mtoto katikati yetu. Pale mlangoni Neema alisimama, akaninong'oneza kwamba ameogopa njia nzima. Nikamwambia nami pia. Tukaingia, tukapata nafasi kwenye benchi, tukaketi kungoja jina la mtoto liitwe.