Marwa, Rubani wa Nyangoto

Enzi zetu pale Nyangoto, dhahabu ilipotuvuruga akili, mtoto wa kiume asiyeshuka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, hakuhesabiwa mwanaume. Tukitoka shule tulificha madaftari kichakani, tukashuka shimoni kwa kamba, tukapanda tukiwa na vumbi jekundu mpaka puani. Kisha obosara, ule uji mchachu wa mtama, kibuyu kimoja watu sita, na hakuna aliyeugua! Mtoto wa leo ukimpa kikombe alichonywea mwenzake, anakuangalia kama umemtukana.

Marwa peke yake hakushuka. Bibi yake, Wankuru, hakujaliwa mtoto wa kiume, hivyo, kwa desturi yetu Wakurya, alitoa ng'ombe akaoa binti amzalie wa kurithi mji wake. Akazaliwa Marwa, huyo mmoja tu, mama yake akafariki. Bibi alikuwa akisimama mlangoni na kutufokea: "Nyie mura, nyie vijana, kajifukieni wenyewe! Huyu akifa, mji wangu umefungwa." Tukamwita Marwa mwoga. Mimi Mwita ndiye niliyeanza, na naona aibu mpaka leo.

Siku helikopta ilipopita juu ya mashimo, tulidhani ni polisi. Tukajipaka tope usoni ili walioko juu wasitutambue! Marwa alisimama wima katikati ya mahindi, ameinua kichwa. "Mwita," akaniambia, "ile inasimama hewani. Nitaiendesha." Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini yule mtu alisoma, jamani! Alikuwa anatembea kwa miguu hadi Nyamwaga kuazima kitabu cha fizikia. Jeshi likamchukua, akawa rubani kweli. Alipokuja likizo alimwamkia bibi yake shikamoo, akavua magwanda, akashika jembe kupalilia migomba. Mimi hakunikumbusha lolote. Alipopangiwa kwenda nchi ya mbali kulinda amani, bibi alimpa sharti moja: akirudi aoe.

Alirudi kwenye jeneza. Wenzake walioleta mwili walisema alikuwa ameshatoa majeruhi mara moja, salama kabisa. Akageuza kuwafuata waliobaki, ndipo helikopta ikatunguliwa. Na huyo ndiye tuliyemwita mwoga! Sisi mashujaa wa maduara tulilia mbele za watu bila kujificha.

Bibi hakulia. Alituita rika lote la Marwa, akasema, "Hajaoa. Namwolea." Hakuna aliyebisha. Kila mmoja alileta ng'ombe wake. Mimi nilitoa mtamba niliyekuwa nampenda kuliko wote zizini. Mke akaolewa kwa jina la marehemu ili watoto wahesabiwe wake, akazaa mtoto wa kiume, naye akaitwa Marwa.

Sasa Marwa mdogo ana miaka saba, anashinda mkekani na simu ya mama yake. Hajui kuwinda panzi, hajui mpira wa makaratasi, magoti hayana hata kovu moja. Juzi uvumilivu ulinishinda, nikagomba: "Mura, enzi zetu mtoto wa umri wako alikuwa hakai ndani! Inuka ukacheze na wenzako!"

Bibi, ambaye macho yake siku hizi hayaoni, alipapasa mpaka akaushika mkono wangu.

"Mwache, Mwita," akasema. "Akae hapo hapo, nimsikie."