Maji ya Zohali, Meno ya Binti Yangu

Binti yangu anajua maji yalipo kwenye mwezi wa sayari ya Zohali. Mimi najua ya kwetu yalipo: nyuma ya nyumba, chini ya tangi jeusi, na laiti yangebaki huko chini milele.

Baba alinunua ploti hapa Kitengela, mbele ya Noonkopir, alipostaafu. Alifanya walivyofanya wote waliotoka kwetu Nyeri: nyumba kwanza, ukuta, geti, halafu ndio akaanza kuuliza maji yako wapi. Nilirudi kwake na mtoto wa kunyonya, ndoa yangu imevunjika, nikakuta mashine ya kuchimba kisima inanguruma uani na watu wa kanisa wameketi kwenye viti vya plastiki wakingoja. Maji yaliporuka juu, akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakatimua mbio. Pasta akaomba. Baba akanywa kikombe cha kwanza, kisha akamdondoshea mjukuu wake tone kwenye ulimi. "Mungu ametukumbuka," akasema. Alilia, na mimi nikalia.

Hakuna aliyeyapima. Utapimaje zawadi ambayo imeshaombewa? Na ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu! Majirani Wamaasai, wazaliwa wa hapa, walikuja kutupongeza, wakatusalimu kwao, sopa, ipa, wakitabasamu, na meno yao yalikuwa na rangi ya majani chai. Walipoondoka, Baba akasema hawa watu hawajui mswaki. Uani kote watu wakacheka. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini sisi wa kuja tulitukana tu.

Meno ya utoto ya binti yangu yakang'oka, ya ukubwani yakaota na madoa ya kahawia na vishimo. Daktari wa meno kule Kajiado aliniuliza swali moja: mnakunywa maji ya wapi? Akanieleza kuwa ardhi ya huku iko na madini mengi ya floraidi, yanaingia kwenye maji na kuharibu meno, na jino likishaota hivyo halirudi. Nilifika nyumbani nawaka. Nikamwambia Baba tuanze kununua maji ya kunywa. Wacha! "Lori la maji lisimame kwa geti langu, na kanisa lote linajua Mungu alinipa kisima?" Nyumba yake, maji yake, ningesema nini? Nikawa nanunua mwenyewe, naficha jerikeni chini ya kitanda cha mtoto kana kwamba ni pombe haramu ya chang'aa. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu alishakuja, majuto ya Baba bado.

Korona ilipoisha, watoto wote walitupa barakoa. Wangu hakuitupa. Anaivaa shuleni, kanisani, hata akipigwa picha. Anaivua wakati wa kula tu, na hapo anainama. Lakini hiyo akili iliyo nyuma ya barakoa, jamani, mwacheni tu! Mwaka huu, yuko gredi ya saba, akachagua kushindana kwenye sayansi kwa mada ya maji yaliyo nje ya dunia. Alifanyia mazoezi sebuleni, Baba, guka yake, akiwa msikilizaji.

"Guka, kuna mwezi mmoja wa Zohali umefunikwa na barafu. Chini ya barafu kuna bahari. Maji yanaruka nje kupitia nyufa. Wanasayansi wakatuma chombo, kikapita katikati ya hayo maji, kikaonja."

"Chombo kikaonja?"

"Ehe, kiko na vifaa. Ndio wakajua kuna chumvi. Huwezi kufurahi tu, Guka, ati umeona maji. Lazima ujue ndani kuna nini."

Baba akatikisa kichwa kwa kusifu. "Hao watu wako na akili," akasema, kisha akajimiminia maji ya kisima na kunywa glasi yote. Ngai! Nilitoka nje nisije nikatamka neno la kunifukuzisha.

Halafu mwalimu akasema barakoa hairuhusiwi, waamuzi wanataka kuona uso. Binti yangu akachukua karatasi zake akampa rafiki yake. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikambembeleza tena. "Mum," akaniambia, "ungekuwa mimi, ungefungua mdomo?"

Siku ya mashindano tulienda Kajiado wote watatu, tukaketi nyuma ya ukumbi. Rafiki yake alisoma vizuri sana, sina kinyongo naye, ila kila neno lilikuwa la mtoto wangu. Alipomaliza, mwamuzi mmoja akamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: "Na hayo maji yakiletwa hapa leo, wewe ungeyanywa?"

Msichana akatutazama kule nyuma, akimtafuta binti yangu. Na binti yangu alikuwa analo jibu, nililiona machoni, mwili wote ulikuwa umesogea mbele kwenye kiti.

"Jibu, mama," Baba akamnong'oneza mjukuu wake. "Si wewe unajua?"

Akatikisa kichwa kukataa, akaibana barakoa kwa vidole viwili. Mwamuzi akaita shule inayofuata.

Baba akanigeukia. Alikuwa anauliza kwa dhati kabisa. "Kwani huyu mtoto," akasema, "ni nani alimfunga mdomo?"