Mtoto wa Nani? Nilivyopata Wateja Watano wa Hesabu

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja na nusu asubuhi na nikakuta ofisi imefungwa. Ilikuwa Kisii mjini, orofa ya pili, juu ya duka la viatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikafanya kozi ya hesabu za biashara mwaka mmoja, na kwa akili yangu nilikuwa napewa kompyuta siku hiyo hiyo. Mhasibu Mkuu alikuja saa mbili kasoro, akafungua mlango, akanionyesha gunia. Gunia la kweli, la viazi. Ndani kulikuwa na risiti za mteja mmoja, za mwaka mzima.

"Panga," akasema.

"Nipange vipi, sir?"

"Kwa tarehe. Ukimaliza, tutajua kama wewe ni mtu wa kazi ama ni mtu wa kukaa ofisini."

Tulimwita Mhasibu Mkuu hata kama ofisi nzima tulikuwa watatu: yeye, Karani, na mimi. Lile gunia lilinichukua siku nne. Risiti zingine zilikuwa zimeloa chai, zingine panya ameonja. Siku ya tano akaniambia nikae karibu na dirisha, na hicho ndicho kikawa kiti changu kwa miaka miwili.

Mwalimu wetu wa masomo ya biashara ameniomba niwaandikie nyinyi mlio kidato cha nne vile kazi hii hufanywa. Najua hamna subira, hata mimi sina, kwa hivyo nitaenda mbio. Kazi ya vitabu ni kuandika kila kitu kilichoingia kwa biashara na kila kitu kilichotoka, siku hiyo hiyo, kabla mtu hajasahau. Leja ni kile kitabu ambacho kila jambo lina ukurasa wake: ukurasa wa stoki, wa mishahara, wa wale wanaokopa na kusema kesho. Vocha ni ile karatasi ndogo ya kuonyesha ni nani aliidhinisha pesa itoke. Halafu mwisho wa mwezi unachukua vitabu vyako na karatasi ya benki unaviweka pamoja, na kama haviongei lugha moja, hulali. Mhasibu Mkuu alikuwa anasema, "Kitabu hakigombani na wewe. Kinanyamaza tu mpaka uone kosa lako."

Sasa, nilistaafu kuajiriwa nikiwa na miaka ishirini na tatu. Nilitaka ofisi yangu mwenyewe, nyumbani, Nyamira. Nilipoenda kumuaga Mhasibu Mkuu aliweka kalamu chini.

"Moraa, wateja hawaokotwi chini kama avokado."

"Nitawatafuta, sir. Nyumbani kila mtu ananijua."

Akacheka. Alicheka sana, mpaka Karani akachungulia, lakini hakuniambia kinachomchekesha. Mwishowe akasema, "Sikiliza. Ukipata wateja watano wa kila mwezi, utalipa nyumba na utakula. Chini ya watano, ni kujidanganya. Kiti chako nakiweka miezi mitatu. Ukishindwa rudi, sitakuuliza swali. Miezi mitatu ikiisha, nitakipa mtu mwingine."

Nikaona miezi mitatu ni mingi. Nikakodisha chumba kidogo Nyamira mjini, nikanunua leja tano mpya, na Jumatatu nikaanza na kwetu Sironga.

Nyinyi mnajua vile tumelelewa. Ukiingia kwa mtu unasalimia kwanza, halafu unasema wewe ni mtoto wa nani, babu yako alikuwa nani, nyumba yenu iko upande gani wa shule, mnasali wapi. Hiyo ndiyo heshima. Nikaingia kwa duka la kwanza nikasema yote. Mwenye duka akafurahi, akaniita ndani, akaniletea chai na ndizi ya kuchemsha, akasema babu yangu alikuwa mtu mzuri sana. Nikatoa leja. Akaangalia saa.

"Hiyo maneno ya vitabu tutaongea," akasema. "Salimia mama."

Duka la pili, hivyo hivyo. La sita, hivyo hivyo. Nilikunywa chai wiki hiyo mpaka tumbo likawa ngoma. Wengine waliniuliza polepole kama nimetumwa na watu wa ushuru, nikawaapia hapana, lakini hata wale walioniamini hawakufungua droo. Mzee wa Kanisa wetu, ambaye ana hadiwea kubwa ya mabati na simiti hapo karibu na barabara, alifunga hata mlango nusu ili aniombee. Aliombea biashara yangu kwa muda mrefu, akataja mpaka kalamu. Halafu akasema Amina, akanipa mkono, na vitabu vyake sikuviona hata jalada.

Mwezi wa kwanza ukaisha bila mteja hata mmoja. Nyamira mjini nilipata ahadi nne ambazo hazikuwa kitu. Mama alikuwa ananiangalia nikivua viatu jioni. Nilijua anafikiria kile kiti cha Kisii.

Nyaramba nilienda kwa hasira tu, siku ya soko. Sikuwa na mtu huko. Niliingia kwa agroveti, ya kuuza mbolea na dawa za mifugo. Mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Nikamsalimia kwa Kikisii, bwakire buya, nikaanza maneno yangu. Akanikatiza.

"Wewe si wa hapa."

"Hapana, mama. Mimi ni wa Sironga."

"Umeolewa hapa?"

"Hapana."

"Dada yako ameolewa hapa? Shangazi?"

"Hatuna mtu hapa, mama." Nilisema hivyo na aibu, kama mtu anakiri kwamba hana kabila.

"Unasali hapa?"

"Hapana."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa katoni ya sabuni iliyojaa karatasi, akaiweka mbele yangu puu!

"Basi kaa. Wewe ndiye nimekuwa nikitafuta."

Sikuelewa. Nikamuuliza kwa nini hakuwa amempa mtu wa karibu, maana hapo hapo Nyaramba kulikuwa na kijana amesomea hesabu kunishinda. Akacheka akagonga kaunta.

"Huyo ni mtoto wa shemeji yangu! Siku ajue nimeuza mbolea gunia ngapi, Jumapili inayofuata mimi ni mgeni wa heshima. Kila harambee ya kuchangisha pesa. Ya karo, ya matanga, ya paa, mimi! Mtu wa nyumbani ni mzuri wa kukuzika, mwanangu. Wa kukuandikia vitabu, hapana."

Hapo ndipo nilielewa ni nini kilichekesha Mhasibu Mkuu. Mwezi mzima nilikuwa naingia kwa watu na kuwatajia, kwa heshima zote, kila sababu ya kutoniamini.

Nikabadilisha njia. Sikutafuta tena mahali najulikana. Nilipata fundi wa milango ya chuma hapo hapo Nyaramba, halafu Itumbe nikapata mwenye hoteli ambaye wafanyakazi wa kiwanda cha majani chai hula kwake kwa mkopo mpaka mwisho wa mwezi. Huyo hakutaka hata jina langu la pili. "Usiniambie," akasema, "nisije nikakuta tunahusiana." Sasa nilikuwa na watatu. Lakini nauli ya Itumbe na Nyaramba ilikuwa inakula nusu ya mapato, na mwezi wa tatu ulikuwa umebakisha wiki mbili.

Jumapili moja kamati ya kuezeka kanisa ilikutana kwetu, kwa sababu mama ndiye mweka hazina. Mzee wa Kanisa alikuwa amekalia kiti cha baba. Walikuwa wanaandika kadi za harambee, ile kadi unapelekewa na ndani kuna kiasi unachotarajiwa kuleta. Nikaingia na birika. Mtu alikuwa ameniona Nyaramba nyuma ya kaunta.

"Mtoto wetu," akasema Mzee wa Kanisa, "tunataka kumwalika yule mama wa agroveti. Wewe unamjua. Tumwandikie ngapi?"

Watu sita wakanigeukia, vikombe mkononi. Mama akaniangalia kwa fahari, enyewe kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kisii.

"Sijui, Mzee."

"Si unamwandikia vitabu?"

"Namwandikia."

"Sasa?"

"Nikitoka pale, sijui kitu."

Wakacheka. Mama mmoja akasema, "Huyu amesoma hesabu mpaka imeisha!" Mzee wa Kanisa hakucheka. Akashusha sauti kama anayembembeleza mtoto. "Hatutaki kitabu. Tuambie tu, ni mtu wa mabati kumi ama ni mtu wa mabati hamsini? Ni kazi ya Mungu."

Nawaambia ukweli, haikuwa rahisi. Hawa ndio walionibatiza. Na nikijibu, hakuna mtu wa Nyaramba angejua leo wala kesho. Lakini kesho kutwa angejua.

"Mzee, mimi nitachanga bati langu moja," nikasema. "Lakini ya mama yule sina."

Nikamwaga chai nje ya kikombe, nikarudi jikoni. Mama alinifuata wageni walipoondoka.

"Umeniaibisha mbele ya kanisa lote."

"Mama, nimeaminiwa."

"Na sisi tumekulea kwa nini, kama hatuaminiki?"

Hakuniongelesha siku mbili. Anapika, anaweka sahani, anaenda. Nikaanza hata kuandika meseji ya kumwambia Mhasibu Mkuu narudi. Niliifuta, nikaiandika tena.

Jumatano Mzee wa Kanisa akaja. Hakupitia mbele, alipitia kwa migomba, na kwapani alikuwa na kifurushi kimefungwa kwa gunia. Akakaa, akapangusa paji la uso.

"Nilikasirika," akasema. "Nilienda nyumbani nimekasirika. Halafu usiku wa jana nikajiuliza: kama huyu amekatalia kamati, amekatalia mama yake, na huyo mteja hata si mtu wetu, ya kwangu atamwambia nani?"

Akafungua kifurushi. Vitabu vya hadiwea, miaka mitatu, vingine havijawahi kuandikwa.

"Lakini kamati isijue."

"Kamati ijue nini, Mzee?"

Hapo ndipo alicheka. Alipotoka kwa njia ile ile ya migomba, mama akaingia na ufagio, anafagia mahali hapakuwa na uchafu.

"Mzee alitaka nini?"

"Alikuja kusalimia."

"Na ule mzigo?"

Nikausukuma chini ya meza. Akafagia tena pale pale, akaenda akachungulia nje, akarudi akafunga mlango. Akatoa kutoka kwa leso karatasi imekunjwa mara nyingi, zile hesabu zake za ndizi anazouzia malori ya Nairobi, penseli imefifia.

"Nikikulipa kama watu wengine," akasema, "baba yako ataambiwa?"

"Hapana, mama."

"Basi andika. Mimi ni wa ngapi?"

"Wa tano."

Kwa jalada la kitabu chake sikuandika jina. Siku hiyo nilimpigia Mhasibu Mkuu nikamwambia kiti ampe mwingine. Akasema, "Umepata wapi?" Nikamwambia wawili ni wa nyumbani. Safari hii hakucheka, akaniambia, "Basi umekuwa mhasibu."

Watu wengi huniuliza kama hesabu ni ngumu. Si ngumu, mtu yeyote wa kidato cha pili anaweza. Wateja hawanunui hesabu yako. Wananunua mdomo wako ukiwa umefungwa, na hilo hakuna chuo kinafundisha, na hakuna cheti chake. Utapimwa nalo siku usiyojua, na pengine wanaokupima ni watu unaowapenda. Haya yote nimeandika kwa sababu wenyewe wamenikubalia, na majina yao hamtayaona.

Mama alimwambia baba mwenyewe, siku ile alileta ndama wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, kutoka kwa pesa za ndizi. Baba alimzunguka yule ndama mara mbili. Halafu akanikuta kwa veranda.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nijue nini, baba?"

Akageuka kuona kama mama yuko karibu, akavuta stuli akakaa kando yangu, akashusha sauti.

"Basi sikiliza. Kuna bonasi yangu ya majani chai, ile kiwanda kilinilipa mwaka jana."